Mlango Unaofunguliwa kwa Kicheko

Hebu nikuulize: ukitaka kuokoa watu, na njia pekee ya kumfikia mwenye uwezo ni kumwaibisha mtu mwingine hadharani, utamwaibisha?

Swali hilo ndilo ninalolipata katika Ridicule, filamu ya Patrice Leconte ya mwaka 1996. Tuko Ufaransa, 1783. Ponceludon de Malavoy, mhandisi na kabaila mdogo, anatoka Dombes, ambako vinamasi vinazalisha mbu na wakulima wanakufa kwa homa. Mpango wa kukausha maji anao. Anachokosa ni sikio la mfalme. Na kule Versailles, hoja peke yake haikufikishi popote. Ukimchoma mtu kwa neno moja na ukumbi ukacheka, milango inafunguka. Ukichomwa wewe, umeisha.

Usiseme huu ni mchongoano tu. Kwenye mchongoano wote wamekubali kucheza, na anayeshindwa anarudi kwao salama. Humu, Baron de Guéret, aliyesubiri sana kuitwa mbele ya mfalme, anafedheheshwa na kujinyonga. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Utasema: si lengo la Ponceludon ni jema? Kwani aibu ya bwana mmoja mwenye wigi ina uzito gani mbele ya uhai wa mtoto? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini angalia ni nani anayechomwa. Padri Vilecourt anathibitisha mbele ya mfalme kwamba Mungu yupo, kisha anajigamba kwamba anaweza kuthibitisha kinyume. Papo hapo anaporomoka. Yaani kejeli ni ruksa, ilimradi isipande juu. Wanaoumizwa ni wenzako mlio nao kwenye foleni.

Kwa hivyo kila Ponceludon anaposhinda, anaikubali sheria kwamba asiyejua kuchekesha hastahili kusikilizwa. Je, mkulima wa Dombes anayetetemeka kwa homa atamchekesha nani?

Mwishoni anategwa mguu akicheza dansi, anaanguka, wanamcheka. Hapo anaacha utani na kuwaambia wazi kwamba kwa sababu ya kuanguka kule watoto watakufa. Hapati kibali cha mfalme. Hata hivyo, naona angalisema hayo mapema zaidi, hata kama wangemfukuza siku ya kwanza. Angalau wakulima wake wangetajwa mle ndani bila mtu mwingine kuumizwa kwanza.