Mwisho wa Mwaka wa Shule, na Kuokota Vipande

Neno la kutafakari: Injili ya Yohana, sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 13.



Mwaka unakwisha. Mvua za vuli zanyesha juu ya migomba, na mlima wetu hujificha mawinguni tangu asubuhi hata jioni. Katika shule zote za msingi, toka Siha na Machame mpaka Rombo, watoto wanafunga mwaka. Wa darasa la saba wamekwisha kufanya mtihani wao tangu mwezi wa Septemba. Waliobaki, wa madarasa ya chini, wana kazi zao za siku za mwisho, nasi twazijua kazi hizo kwa kuwa sisi nasi tulizifanya. Huosha sakafu kwa maji waliyoyabeba wenyewe kutoka mferejini. Husugua madawati kwa majani ya msasa mpaka wino utoke. Huhesabu vitabu na kuvirudisha kabatini, na vilivyochanika huvibandika kwa gundi. Huimba nyimbo walizojifunza kwa ajili ya wazazi. Kisha husimama mistari uwanjani, wasomewe matokeo yao, kila mmoja na nafasi yake, toka wa kwanza hata wa mwisho.

Juu ya huyo wa mwisho ndipo tunapotaka kusema nanyi leo.

Kwanza tuitazame Injili. Bwana Yesu aliwalisha watu wapata 5,000 kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, chakula cha mtoto mmoja aliyekuwa katika mkutano. Watu wakala, wakashiba. Mtu angeweza kusema, Basi, kazi imekwisha, twendeni zetu. Lakini Bwana hakuondoka. Aliwatuma wanafunzi wake waokote masazo yote, asitake hata kimoja kipotee, nao wakajaza vikapu 12. Angalieni jambo hili. Yeye awezaye kuuzidisha mkate kwa neno lake, hana haja na makombo. Mkate wa kesho angeweza kuufanya tena. Hata hivyo akawainamisha mitume wake majanini waokote vipande vilivyoangushwa na watu walioshiba. Ndiyo desturi ya Bwana wetu: karamu kwake haijaisha maadamu kuna kipande kilichobaki chini.

Sisi watu wa Kilimanjaro tumeiona kazi hiyo kwa macho ya baba zetu. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame, wakaanza kazi huko Nkarungo, na shule ikaenda pamoja na kanisa, kwa maana atakaye kusoma Neno hana budi kujua herufi. Mwaka 1912 kikaanzishwa chuo cha walimu huko Marangu. Kisha vikaja vita vikuu vya mwaka 1914, na vilipokwisha, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani wakaondolewa katika nchi. Ni nani waliobaki? Walibaki walimu wa vijiji, waliosoma miaka michache, wenye vitabu vichache, na mshahara usio wa hakika. Machoni pa wakubwa wa dunia walikuwa masazo tu. Lakini watu hao waliendelea kufundisha watoto siku za kazi na kusoma Neno siku ya Bwana. Baadaye walikuja wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani kusaidia, na wale wa Leipzig walipoanza kurudi katika miaka ya 1920, walilikuta kanisa lingali hai. Hakuna kilichopotea, kwa sababu Bwana alikuwa ameokota. Sisi sote tusomao ukurasa huu tu watoto wa masazo hayo. Je! Inatupasa kumdharau mtu aliyebaki chini?

Nasi twaungama, wapendwa, kwamba tulimdharau. Twaandika habari hii kwa aibu, ili mwingine apate faida.

Mwaka mmoja tulialikwa katika kufunga shule moja iliyo jirani na usharika wetu, tuwe mgeni wa heshima na kuwapa watoto zawadi. Tulifika mapema, tukalikuta darasa la tatu wangali wakisafisha chumba chao. Kijana mmoja mdogo alikuwa akitambaa chini ya madawati, ameshika kopo tupu la maziwa. Tulimwuliza, “Mwanangu, wafanya nini humo?” Akajibu, “Shikamoo mchungaji. Ninaokota chaki.” Vipande vidogo kama punje ya mahindi, ambavyo mwalimu amevitupa kwa kuwa havishikiki tena vidoleni, yeye alivitia koponi. Akasema vitawafaa darasa la kwanza mwezi wa Januari, kwa kuwa vidole vyao ni vidogo. Tulicheka kidogo, tukapita.

Saa ya matokeo ikafika. Watoto watatu wa kwanza katika kila darasa waliitwa mbele, nasi tukawapa madaftari na kalamu, wazazi wakapiga vigelegele. Majina yaliyobaki yakasomwa. Katika darasa la tatu walikuwa watoto 61, na jina la mwisho lilikuwa la yule mwenye kopo. Baadhi ya watu wakacheka. Ndipo tukasimama kuhutubu. Tulisema juu ya bidii, tukawasifu wa kwanza, kisha, tukitaka kuwachangamsha watu, tukanyosha mkono kuelekea mwisho wa mstari tukasema kwamba mwakani hatutaki kumwona mtoto wa kanisa akishika mkia. Watu wakacheka tena, safari hii kwa nguvu, kwa kuwa aliyewachekesha alikuwa mchungaji wao.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja kanisani kujifunza nyimbo za Krismasi. Yule hakuja. Jumapili hakuja. Juma la pili mwalimu wa shule ya Jumapili akatuambia, “Mchungaji, yule mtoto asema haji tena, maana kanisani hawatakiwi wa mwisho.”

Ndugu, neno lile lilituchoma. Tulikuwa tumehubiri miaka mingi kwamba mtu hupata haki kwa neema, pasipo matendo. Na mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa amesikia kwetu habari nyingine, akaiamini.

Tulikwenda kwao. Nyumba iko chini ya bonde, na njia yake ilikuwa utelezi. Tulimkuta bibi yake amekaa kitini mlangoni, miguu imevimba, haiwezi kumchukua. Wazazi wa mtoto hawapo. Bibi akatuambia mambo ambayo sisi, wachungaji wake, tulipaswa kuyajua zamani: kwamba mtoto huamka kabla ya mapambazuko, hukata majani ya ng'ombe, huteka maji, huwasha moto na kumpikia bibi uji, ndipo aende shule, na mara nyingi afikapo, somo la kwanza limekwisha. Tukasema, “Mama, tumemkosea mtoto wako. Tumekuja kuomba radhi.” Yule mzee akatutazama kwa muda mrefu. Kisha akaelekeza fimbo yake kwenye mpaka wa kihamba, palipoota masale, akasema, “Baba mchungaji, chuma sale. Lakini usinipe mimi. Mpe mwenyewe.”

Kila Mchagga ajua maana ya jani lile. Aliyekosa hulichukua kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hawezi kwa desturi kulikataa. Lakini ni nani amewahi kumwona mzee akilipeleka kwa mtoto? Tulisimama kitambo, tukiona haya. Kisha tukachuma jani, tukaenda nyuma ya zizi, tukamwinamia, tukampa. Hakujua aseme nini. Alilipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Siku ya Krismasi alisimama pamoja na wenzake akaimba. Hatusemi kwamba baadaye alikuwa wa kwanza darasani; hakuwa. Twasema tu kwamba hakupotea.

Sasa mtu asituelewe vibaya. Hatupingi mtihani wala hatuwalaumu walimu. Mwalimu mwenye watoto wengi hana budi kupima, naye mtoto hana budi kufanya bidii, kwa maana uvivu ni dhambi. Tangu ada ilipoondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, watoto wa maskini wamejaa madarasani, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kazi ya mwalimu imekuwa nzito. Shule ina daftari lake, na hesabu yake ni ya haki kwa mambo ya shule. Kosa letu lilikuwa kulichukua daftari lile na kuliweka juu ya madhabahu. Katika ubatizo mtoto hupewa jina, hapewi nafasi. Kwenye meza ya Bwana mkate ni mmoja, wala hakuna aulizwaye alikuwa wa ngapi.

Baba yetu Martin Luther alilijua jambo hili. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba utotoni, asubuhi moja tu, mwalimu alimpiga mara 15. Alipozitembelea sharika za Saksonia mwaka 1528, akakuta watu wengi hawajui hata mambo ya kwanza ya imani. Hakuwafukuza. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi, ili baba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Katekisimo tunayowafundisha vijana wetu wa kipaimara iliandikwa kwa ajili ya watu wa mwisho darasani. Mwalimu wa kipaimara asiyewavumilia wazito wa kukumbuka, na akumbuke kitabu anachokishika kilitoka wapi.

Tena, sisi wenyewe twaonyesha kila Jumapili kwamba twajua namna nyingine ya kuhesabu. Baada ya ibada hufanyika mnada wa sadaka mlangoni pa kanisa. Mmoja ameleta mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, na mjane ameleta yai moja. Mara ngapi tumeona yai lile likipandishwa bei kuliko jogoo! Mmoja hulinunua akalirudisha, mwingine akalinunua tena, watu wakifurahi. Thamani ile haitoki katika yai. Yatoka kwake yeye lililotolewa kwake. Basi ikiwa twajua kulihesabu yai hivyo, mtoto je?

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu katika siku hizi za mwisho wa mwaka.

Kwanza, ninyi wazazi. Ripoti ya mtoto ifikapo nyumbani, msiisome kwa fimbo mkononi. Keti na mtoto wako, muulize ni somo gani lilimshinda, na kazi gani za nyumbani zimemchelewesha. Huenda sababu ya nafasi yake iko jikoni kwako. Nanyi ndugu zetu mnaopanda mlima kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, mshukapo garini msianze kuwauliza watoto mbele za watu, “Umekuwa wa ngapi?” Waulizeni, “Umejifunza nini mwaka huu?” Hilo kila mtoto aweza kulijibu.

Pili, ninyi wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili. Kabla ya Krismasi andikeni majina ya watoto wa mtaa wenu, mkaweke alama kwa wale ambao hamjawaona tangu shule zilipofungwa. Nendeni kwao kwa miguu yenu. Msimtume mtoto mwenzake, kwa maana Bwana aliwatuma mitume wenyewe wakaokote. Wakumbukeni pia wale wa darasa la saba ambao hawakufaulu. Mwaka ulipoanza walikuwa watoto wetu. Wasiwe wageni kwetu mwaka ukiisha. Wapelekeni kwa wazee wa usharika, washauriane juu ya chuo cha ufundi au kazi iwafaayo.

Tatu, sisi wachungaji. Tukialikwa kutoa zawadi, tuwape wa kwanza haki yao kwa furaha. Lakini tufike mapema, tuingie darasani, tuone ni nani aliye chini ya dawati ameshika kopo. Huyo naye tumtaje mbele ya watu kwa kazi yake. Na ikiwa tumemkosea mdogo, tusione haya kuchuma sale.

Wapendwa, siku yaja ambayo mwaka wa dunia nzima utafungwa, na sisi sote tutasimama katika mstari. Siku ile nani wetu atataka kuhesabiwa kwa alama zake? Sisi tuandikao haya hatutaki. Tumaini letu ni hili moja, kwamba Yeye aliyeyahurumia makombo ya shayiri majanini atainama tena, atuokote.

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu katika likizo hii, awakutanishe wote salama mwezi wa Januari. Amina.