Mwana Wangu na Mwana wa Mwenzangu

Katika vifungo vyote viwaunganishavyo wanadamu, ni vichache vilivyo na nguvu kama kifungo cha mzazi na mwana. Hakikuandikwa na hakimu wala hakikutiwa sahihi na mashahidi, lakini watu hukitii kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Wazee walisema kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata hivyo, liko swali zito ambalo kila kijana hana budi kulifikiri kabla hajawa mzazi: mwana akitenda uovu, je, mapenzi yampa mzazi ruhusa ya kuuficha?

Swali hili limeulizwa kwa namna ya kutisha katika filamu ya Korea Kusini iitwayo Mother, maana yake Mama, iliyotolewa mwaka 2009. Mtungaji wake ni Bong Joon-ho, ambaye filamu yake nyingine, Parasite, ilipata tuzo kuu ya Oscar mwaka 2020. Mama mwenyewe amechezwa na Kim Hye-ja.

Kisa ni hiki. Katika mji mdogo aliishi mama aliyeuza mizizi na majani ya dawa, na aliyewatibu watu kwa kuwachoma sindano nyembamba kwa desturi ya nchi za Mashariki. Alikuwa na mwana mmoja tu, Do-joon, kijana aliyepevuka kwa mwili lakini mzito wa akili, ambaye kumbukumbu zilimpotea kama maji katika pakacha. Usiku mmoja binti wa shule aliuawa. Polisi walimkamata Do-joon, wakamtilisha sahihi karatasi ya kukiri kosa, wakaifunga kesi. Mama hakukubali. Alipoona wakili hamfai kitu, alishika njia mwenyewe kumtafuta mwuaji.

Mpaka hapa, msomaji, sote tu upande wake. Nani asiyemsifu mnyonge anayepigania haki? Lakini uchunguzi wake ulimfikisha kwa mzee mmoja mwokota vyuma chakavu, naye alikuwa ameyaona yote kwa macho yake: aliyeua alikuwa Do-joon. Mzee aliposhika simu kuwaarifu polisi, mama alimpiga mpaka akafa, kisha akaichoma moto nyumba yake. Baadaye polisi walimkamata kijana mwingine, naye pia ni dhaifu wa akili, kwa sababu damu ya yule binti ilionekana katika nguo zake. Mama alikwenda kumtazama kifungoni, akamwuliza kama ana mama. Hakuwa naye. Machozi yakamtoka mama yule, lakini neno la kweli halikumtoka.

Tusifanye haraka ya kumhukumu. Korea ilitawaliwa na ufalme wa Joseon tangu mwaka 1392 mpaka ukingoni mwa karne ya 19, na ufalme huo uliyashika sana mafundisho ya Confucius, mwenye hekima wa China. Yasimuliwa kuwa Confucius aliambiwa habari za mtu mnyofu aliyemshtaki baba yake kwa wizi wa kondoo. Yeye akajibu kuwa kwao unyofu ni baba kumsitiri mwana, na mwana kumsitiri baba. Hata sheria ya jinai ya Korea Kusini, iliyotungwa mwaka 1953, haimwadhibu jamaa amfichaye ndugu yake mkosaji kwa ajili ya kumwokoa. Sheria hiyo yakiri kuwa ni vigumu kumtaka mzazi amtoe mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kumtwika mwingine mzigo ni jambo jingine. Itazame hesabu ya mapenzi ya mama huyu. Binti aliyeuawa alikuwa mjukuu wa bibi kizee. Mwokota vyuma alikuwa mtu, ana roho kama wao. Na kijana aliyefungwa alikuwa sawa na Do-joon kwa kila kitu ila kimoja: hakuwa na mtu wa kumlilia. Mapenzi yasiyoweza kumwona mwana wa mwenzako kuwa ni mwana yamekwisha kugeuka kuwa choyo.

Nafsi ya mama yenyewe yatoa ushahidi. Do-joon alipokuwa mtoto wa miaka 5, mama huyu alishikwa na dhiki, akataka kunywa sumu pamoja naye wafe wote wawili. Alimhesabu mwanawe kuwa kiungo cha mwili wake, si mtu mwenye maisha yake mwenyewe. Na mwisho wa kisa ajichoma sindano pajani, mahali aaminipo kuwa pafuta kumbukumbu mbaya, kisha asimama kucheza ngoma ndani ya basi pamoja na akina mama wenzake. Kama dhamiri isingekuwa ikimchoma, angeitakia nini sindano ya kusahau? Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Basi mzazi afanye nini? Asimame karibu na mwanawe barazani. Amtafutie mtetezi, aeleze udhaifu wa akili yake, kwa kuwa sheria huupima udhaifu huo. Ampelekee chakula kifungoni, na awaendee wafiwa kuomba radhi. Katika hayo yote hajamwacha mwanawe hata hatua moja, wala hakuna asiye na hatia aliyelipa deni lisilo lake.

Nawe, msomaji, siku moja utatakiwa kusema uongo kwa ajili ya umpendaye. Labda itakuwa ni kalamu iliyoibwa darasani, labda ni jambo kubwa zaidi. Siku hiyo jiulize kwanza ni nani atakayeadhibiwa mahali pake, na kama mtu huyo ana mama.