Tubuni Dhambi ya Bapa la Ziada

Enyi wenye Hilux, nanyi wenye HiAce, na kila ambaye gari lake limekalia springi za bapa kwa nyuma, sikieni! Mnakamata usukani kwa mikono miwili mkidhani mwendo wote uko kwenye magurudumu ya mbele. La hasha! Mbele hupanga, nyuma hupangua.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Nilikuwa na Hilux ya kushusha kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo. Kitako kilipoanza kuinama nilikwenda gereji nikatamka neno ambalo nanyi mmelitamka: "Fundi, niongezee bapa." Akaniongezea mawili kila upande. Kitako kikapanda, nami nikatembea kifua mbele. Mzigo ulishuka salama. Wakati wa kurudi tupu, kwenye kona ya changarawe, nyuma iliruka kama mbuzi aliyekata kamba, mkia ukataka kunitangulia. Gari liliposimama nilikuwa natazama nilikotoka. Nilishuka nikakaa chini ya mgomba nusu saa nzima, magoti hayana kazi.

Nini kilitokea? Springi ngumu kuliko mzigo haibonyei, na isipobonyea, tairi hurukaruka juu ya mawimbi ya barabara badala ya kuyafuata. Tairi lililo hewani halishiki kitu! Hata kwenye lami hamjapona: ukiifanya nyuma ngumu mno kuliko mbele, kwenye kona tairi la nje la nyuma huelemewa, la ndani likabaki jepesi, na mshiko wa nyuma ukapungua pale pale unapouhitaji.

Na shokapu je, mmeisahau? Springi hubeba, shokapu hutuliza. Ndani yake mafuta husukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko hugeuka joto. Ukiisugua kwa muda wa saa tatu kwenye barabara ya vumbi, mafuta huchemka, hutoa povu, nguvu ikaisha. Ndiyo maana zilizo bora hujazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo. Kuweka bapa jipya juu ya shokapu iliyochoka ni kumfunga fahali kwa kamba ya mgomba.

Sasa tegeni masikio yote mawili, maana hapa ndipo kifo kimejificha. Hilux na HiAce nyingi zina valvu ya breki yenye kifimbo kilichoshikana na ekseli ya nyuma. Kitako kikiinama, valvu hutambua mzigo na kuzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Kikiinuka, huzipunguzia ili magurudumu yasigande. Ewe uliyeinua kitako kwa mabapa, umeidanganya! Umejaza kabichi hadi juu, yenyewe inaamini uko mtupu. Unateremka mlima kwa breki za mbele karibu peke yake, zinatoa harufu, na shamba zima linakusukuma mgongoni. Nani alikuambia habari hii siku ile gereji? Mimi sikuambiwa.

Basi acheni! Pimeni mzigo wenu wa kila siku kwa kweli, si ule wa kujisifia kijiweni, kisha nunueni seti ya springi iliyotengenezwa kwa uzito huo. Old Man Emu ya Australia huziuza hivyo, na wapo wengine. Wekeni shokapu zinazolingana nazo, na bushi mpya, kwa sababu bapa ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Bushi ikilegea, ekseli nzima hujigeuza yenyewe kwenye kona bila kukuomba ruhusa. Yubolti zikazwe tena baada ya kilometa mia chache za kwanza. Na valvu irekebishwe kufuata kimo kipya. Ni gharama, ndiyo, na mke wangu aliuliza kama tumenunua gari jingine.

Kesho alfajiri, kabla ya kupakia hata tenga moja, chukua tochi ulale chali chini ya gari lako. Pangusa shokapu kwa kitambaa, uone kama kinatoka na mafuta. Chomeka mtalimbo penye bushi uusukume, utazame kinachocheza. Halafu kifuate kile kifimbo kwa kidole, kutoka kwenye ekseli hadi kwenye valvu. Ukikikuta kimefungwa kwa waya, usipakie.