Kura na Utu
Chama cha Republican cha Marekani kilianzishwa mwaka 1854 kupinga kuenea kwa utumwa, na kwa miongo mingi Wamarekani weusi walikiona chao. Sera za Rais Franklin Roosevelt, wa chama cha Democratic, zikawavuta wengi upande wa pili. Mwaka 1964 mgombea urais wa Republican, Barry Goldwater, akapinga Sheria ya Haki za Kiraia. Wanawake nao, tangu 1980, hukiunga mkono chama hicho kwa kiwango kidogo kuliko wanaume.

Hapa kuna swali la maadili kabla ya mbinu za kutafuta kura. Mpigakura hupima kodi na ajira, ndiyo, lakini kwanza hutaka kujua kama utu wake unatambuliwa. Mfano ni wahamiaji: mwaka 2013 ripoti ya chama hicho ilihimiza mageuzi ya sheria za uhamiaji. Seneti ikapitisha muswada wa mageuzi hayo, lakini Baraza la Wawakilishi, lililoongozwa na chama hicho, halikuupigia kura.