Moshi wa Lori Kuukuu

Walimu wa maadili katika Kanisa wamezoea tangu zamani kupima dhamiri kwa visa vya kila siku, nasi leo twaleta kisa cha bomba la moshi. Tuseme mtu wa Kisarawe amenunua lori kuukuu lililokuwa la jeshi. Chuma chake ni kinene, magurudumu yake makubwa hupita katika tope la Mzenga na Maneromango mahali ambapo gari jingine lingezama, naye hulitumia kuchukua mihogo, korosho na watu mpaka Kibaha. Injini ni nzima. Lakini ekzosi imechakaa: gasketi imeungua, kiungo kilicho karibu na injini chavuja, na sailensa yatoa mlio wa debe lililopasuka. Fundi ampa njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa vyote vilivyooza na kufunga vipya. Ya pili ni kuchomelea kiraka cha bati, kupaka rangi nyeusi juu yake, na safari ikaendelea jioni ile ile. Je, ana hatia akiichagua ya pili kwa kuwa ni rahisi?

Wengi watajibu upesi kwamba lori ni mali yake, na shauri lote ni la mfuko wake. Jibu hilo lingefaa kama kutu ingekuwa katika mlango au katika bodi. Ekzosi ni kitu cha namna nyingine, maana kazi yake ni kuwalinda watu, na mara nyingi watu hao si mwenye gari.

Yafaa kwanza kujua jinsi inavyooza. Mafuta yanapoungua ndani ya injini hutoa pia mvuke wa maji. Gari likienda mwendo mrefu, bomba lote hupata moto na mvuke hutoka nje. Bali likiwashwa kidogo na kuegeshwa siku nyingi, kama yalivyo maisha ya magari mengi ya kambini, maji hubaki ndani ya sailensa pamoja na asidi, na chuma huliwa kutoka ndani. Basi ganda la nje laweza kuonekana zima, hali ndani mmejaa unga wa kutu. Kiraka kilichochomelewa juu ya chuma cha namna hiyo hakina cha kushika. Barabara ya mawe hukitikisa siku chache, na ukingo wake ukapasuka tena. Hatusemi kwamba kila kiraka ni udanganyifu. Tundu moja katika bomba la nyuma, ambalo chuma chake bado kigumu, laweza kuzibwa vema kabisa. Ubaya u katika kiraka kinachowekwa ili kuficha.

Na kinachovuja si kelele tu. Katika moshi huo, hasa wa injini za petroli, mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kichefuchefu, kisha usingizi, naye hudhani ni uchovu wa safari. Injini za dizeli huitoa kwa uchache, lakini moshi wake una madhara yake: mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wa mambo ya saratani waliutangaza kuwa huleta saratani kwa wanadamu. Tena lori lenye turubai, likiwa mbioni, huvuta hewa ya nyuma na kuirudisha ndani. Dereva amefungua dirisha lake. Utingo na akina mama wenye vikapu ndio waketio katika moshi. Na tusisahau kwamba waamini wetu nao wamesafiri hivyo mara nyingi, wakiimba, kwenda hija ya Pugu.

Sheria ya Musa iliyajua mambo haya kabla ya injini. Katika kitabu cha Kutoka, mtu aachaye shimo wazi hulipa fidia ya ng'ombe aliyetumbukia; na katika Kumbukumbu la Torati, ajengaye nyumba huamriwa kuweka kizuizi juu ya dari, asije mtu akaanguka. Mwenye shimo hakumsukuma ng'ombe, wala mwenye nyumba hakumsukuma mgeni. Hata hivyo wadaiwa, kwa kuwa walijua wakaacha.

Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji hana lazima ya kutaja kasoro ambayo kila mtu aiona, kama farasi mwenye jicho moja. Lakini kasoro iliyofichika na yenye kuleta hatari au hasara, ni lazima aiseme. Sailensa iliyooza ndani ikapakwa rangi nje ni kasoro ya namna hiyo. Twaona amri hii yamhusu mwenye lori siku atakapoliuza, na yamhusu leo pia mbele ya abiria wake. Yamhusu na fundi aliyeshika mswaki wa rangi.

Mtu atasema: spea za lori kama hilo hazipatikani tena, na karo ya watoto yangoja. Sababu ya pili ni nzito, wala hatuidharau. Ya kwanza twaikataa. Dhamiri haimdai sailensa ya kiwandani. Yamdai bomba lisilovuja, na bomba laweza kupindwa na kuchomelewa upya na fundi hodari. Hapo Kibaha ndipo lilipo Shirika la Nyumbu, lililoundwa mwaka 1985 chini ya wizara ya ulinzi, ambako Watanzania walithubutu kubuni lori zima. Katika mji huo ni aibu kusema kwamba bomba limeshindikana.

Akikosa fedha kweli, na aanze na gasketi na kile kiungo cha mbele, ndivyo vilivyo karibu na pumzi za watu, kisha sailensa mavuno ya korosho yatakapolipwa. Kwa muda huo lori libebe mihogo peke yake, turubai likunjwe, na akina mama wa Maneromango waambiwe sababu, watafute gari jingine.