Je, Wimbo wa Mwenzio Waweza Kuwa Wako?

Liko swali ambalo kila mwanafunzi wa muziki hukutana nalo, apende asipende. Nalo ni hili: mtu akiimba wimbo uliotungwa na mwingine, akainasa sauti yake kwa mashine na kuwasikilizisha watu, je, kazi ile ni yake au si yake? Na akisema kwamba ameendelea mbele katika elimu yake, ameendelea kwa kipimo gani? Wako wasemao kwamba kuiga ni wizi. Wengine husema kwamba wimbo ukiisha kutoka kinywani ni mali ya watu wote, kama maji ya mvua. Mimi ni mwanafunzi wa muziki, nami kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza wimbo mmoja wa zamani na kuunasa. Sikubaliani na hao wala hao, na sababu zangu ni hizi.

Na tutazame kwanza mambo ya Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wapigaji wake mpaka Bombay, akaimba mbele ya chombo cha kunasia sauti, na santuri zake zikaenea pwani yote. Siti alifariki mwaka 1950, lakini nyimbo zake hazikuzikwa pamoja naye. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na watu wote kwa jina la Bi Kidude, alizishika tangu ujana wake, akaziimba hata uzeeni, mpaka alipofariki mwaka 2013. Mmoja wa nyimbo hizo ni "Muhogo wa Jang'ombe", nao ndio ninaojifunza. Watu hawakumhesabu Bi Kidude kuwa mwizi, bali mrithi. Kwa nini? Kwa kuwa hakuficha kwamba Siti ndiye aliyemtangulia. Tena kwa kuwa hakujaribu kuwa Siti. Aliuchukua wimbo kwa sauti yake mwenyewe, sauti nzito yenye mkwaruzo, na yeyote aliyesikia alijua mara moja ni nani aimbaye.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja jina lake Solomon Linda aliimba na wenziwe wimbo uitwao "Mbube", maana yake simba. Wimbo ule ukavuka bahari, ukaimbwa Marekani, na mwaka 1961 kikundi cha The Tokens kikaueneza duniani kwa maneno ya Kiingereza. Watu wengine walipata mali nyingi kwa wimbo huo. Linda mwenyewe alikufa mwaka 1962, naye ni maskini. Jamaa zake walidai haki yao mbele ya sheria, na mapatano hayakupatikana ila mwaka 2006. Wala sisemi kwamba wale wa Marekani waliimba vibaya. Waliimba vizuri sana. Ubaya, basi, haukuwa katika kuiga. Ubaya ulikuwa kwamba wimbo ulisafiri, na jina la mwenyewe likaachwa nyuma. Hivyo mambo mawili yafananayo kwa nje, yaani kuimba wimbo wa mwingine, huachana kabisa kwa ndani.

Labda msomaji atasema, "Jambo hilo ni la sheria, si la moyo." Ni kweli kwamba Tanzania inayo sheria ya mwaka 1999 ilindayo haki za watungaji, na ni vema. Lakini sheria hutazama hasa malipo na ruhusa. Mwanafunzi anadaiwa zaidi ya hayo. Wimbo wa mtu ndio uliomfundisha mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kukaza sauti, na mahali pa kuilegeza. Aliyemfundisha hayo hakumwona, wala hatamwona. Wahenga walisema, "Mla cha mwenziwe na chake huliwa." Mwanafunzi hawezi kumrudishia Siti kitu, lakini aweza kulitaja jina lake, na kuupokeza wimbo kwa wengine ukiwa mzima.

Liko na deni lingine, nalo ni kwa yule asikilizaye. Zamani za Siti, upande mmoja wa santuri ulichukua muziki wa dakika tatu hivi. Aliyekosea katikati hakuwa na njia ya kushona kiraka. Alirudi mwanzo na kuimba tena. Leo kompyuta huweza kunasa ubeti mmoja mara ishirini, ikachagua vipande vilivyo bora na kuviunga. Hata sauti iliyoshuka yaweza kupandishwa mahali pake. Je, huo ni uongo? Nionavyo mimi, si uongo kila mara. Mwandishi naye hufuta na kuandika tena kabla ya kuchapwa, wala hapana amwitaye mwongo. Lakini mwandishi haitwi arusini kuandika mbele ya watu bila kufuta. Mwimbaji huitwa. Mwenye arusi aliyesikia sauti iliyotengenezwa, kisha akapelekewa sauti nyingine, amedanganywa, hata kama hapana neno la uongo lililosemwa.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni. Kila mwisho wa mwezi nauimba wimbo wote, toka mwanzo hata mwisho pasipo kusimama, na sauti ile naiweka kama ilivyo karibu na ile ya mwezi uliopita. Nikizisikiliza pamoja, natambua jambo ambalo sauti iliyotengenezwa isingenionyesha. Katika miezi ya kwanza, kuendelea kulikuwa kufanana: mahadhi yakae sawa, maneno yatamkwe wazi, pumzi isikatike katikati ya neno. Baadaye kipimo kiligeuka. Mkwaruzo wa Bi Kidude ni mali ya koo lake. Nikiutia katika koo langu ni mchezo wa kuigiza tu. Bali jinsi alivyongoja kidogo kabla ya neno zito, hiyo ni mali ya wimbo, nami nina haki ya kuishika. Kujua lipi ni la mtu na lipi ni la wimbo, hiyo ndiyo elimu. Wala haipatikani ila kwa aliyekwisha kuiga kwa bidii, maana huwezi kuacha kitu ambacho hukukishika kamwe.

Basi jibu langu ni hili. Wimbo wa mwenzio hauwi wako kama shamba lililonunuliwa. Huwa wako kama lugha ya mama: hukuitunga, uliipokea kwa waliokutangulia, lakini usemapo, sauti ni yako na maneno utaulizwa wewe. Ndugu walimu, yatupasa tuwazoeze vijana wetu jambo moja jepesi. Kabla mtoto hajaimba mbele ya wenziwe, na aseme kwanza wimbo ni wa nani na aliusikia wapi. Kisha aimbe, nasi tumsikilize yeye.