Kabla Barua ya Kustaafu Haijafika

 

Ndugu zangu katika imani, leo maneno yangu yanawahusu zaidi mliovuka miaka hamsini na bado mnawahi gari la alfajiri kwenda kazini. Mwalimu aliyebakiza miaka mitatu, muuguzi ambaye magoti yake yamekataa zamu ya usiku, dereva wa ofisi, karani wa bandarini, mpishi wa shule ya bweni. Swali lenu nalijua, kwa sababu mnaniuliza pale nje baada ya sala, viatu vikiwa bado mkononi na sauti mmeishusha ili wengine wasisikie: "Sheikh, niondoke, nibaki, au nitafute kazi nyepesi zaidi?"

Kwanza tujue kwamba sharia haikutaja umri wa kuacha kazi. Serikali ndizo zilizotaja. Hapa Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 anastaafu kwa lazima, isipokuwa baadhi ya wataalamu kama maprofesa waliowekewa 65. Wenzetu wa Kenya walikuwa na 55, wakaipandisha hadi 60 mwaka 2009. Umri unaopandishwa kwa waraka si hukumu ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo asitokee mtu akamwambia mwenzake kuwa kufanya kazi uzeeni ni kupenda dunia, wala asitokee mwingine akasema kustaafu mapema ni uvivu. Watu wawili wanaweza kuacha kazi siku moja, ofisi moja, huyu akaandikiwa thawabu na yule akaandikiwa dhambi ya kutelekeza wanaomtegemea. Ninachokikataa mimi ni kitu kimoja: mtu kukaa bila kuamua chochote, miaka ikapita, mpaka barua ikamwamulia.

Turudi kwenye Qur'ani, Suratul Qasas. Kisa cha Madyan tumezoea kukisoma kwa ajili ya Nabii Musa (A.S.), na ni haki yake. Lakini ndani ya kisa hicho yumo mzee, na leo nataka tumtazame yeye. Mabinti zake wawili wamesimama pembeni ya maji, wamewazuia wanyama wao, wanangoja wachungaji wanaume wamalize kunywesha. Musa anawauliza wana nini. Wanamjibu kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mtu mzima sana. Wako wafasiri waliosema mzee huyo ni Nabii Shuaib, na wako waliokataa. Qur'ani haikumtaja jina, na kwa mazungumzo yetu ya leo jina halitupunguzii kitu.

Mzee yule alikuwa amefika hapo mnapofika ninyi. Kazi ipo, mifugo ipo, mwili hauwezi. Na kwa kuwa hakukuwa na mpango mwingine, mzigo umewaangukia mabinti, wanangoja nyuma ya wanaume kisimani. Musa akawanyweshea. Kisha binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri kijana yule, akataja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Angalieni mzee alivyofanya. Hakumwambia mwanawe kwamba kundi hili nimelianzisha mimi, nani atalichunga kama mimi. Aliipokea rai ya binti yake, akafunga mkataba wenye muda unaojulikana: miaka minane, na ikitimia kumi itakuwa ni hisani ya Musa. Akaongeza kuwa hataki kumtaabisha. Kazi ya machungani aliikabidhi. Ubaba, ukarimu na kauli ya mwisho ndani ya nyumba yake vilibaki kwake.

Na Musa mwenyewe? Aliyelelewa katika nyumba ya Firauni akawa mchungaji wa kuajiriwa, na huko machungani ndiko alikoandaliwa kwa kazi kubwa kuliko zote. Hatuoni mahali aliposononeka kwa sababu ya cheo. Nalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaokataa kazi ndogo baada ya kazi kubwa kwa kuogopa macho ya mtaa. Aliyekuwa meneja akifungua duka la vifaa vya umeme, akavaa kanzu yake akauza nyaya, hajashuka popote.

Zile sifa mbili alizozitaja binti wa Madyan, kila mmoja wetu ajipime nazo.

Anza na nguvu. Je, kazi hii bado unaiweza? Usijibu upesi. Mwalimu ambaye macho yamepungua na sasa anasahihisha daftari kwa kukisia, dereva anayeendesha usiku huku taa za magari zikimpofusha, muuguzi anayemwachia mwanafunzi sindano kwa sababu mkono unatetemeka. Mshahara unaingia kila mwezi, lakini kazi inayolipiwa haifanyiki, na anayeumia ni mtoto wa mtu, abiria au mgonjwa. Uzee hauna aibu. Aibu ni kuuficha ili amana iendelee kulipwa bila kutekelezwa. Mtu wa namna hii si lazima aache kazi kesho. Amwendee mkuu wake, aseme ukweli, aombe majukumu anayoyaweza: stoo, maktaba, kuwalea wageni wa kazi. Ikishindikana, kustaafu kwa hiari kwake ni ibada. Na upande wa pili, yule mwenye nguvu zake, ujuzi umekomaa, watoto bado wako shuleni, anataka kuondoka kwa sababu tu amemwona jirani yake amepata fedha ya mkupuo na kununua gari, huyo namwambia akae.

Uaminifu nao unauliza kama kazi yenyewe ni halali. Wapo miongoni mwetu waliotunza stoo ya vileo katika hoteli za ufukweni kwa miaka mingi, na wapo walioandika mikataba ya riba tangu ujana wao. Wanakuja wakiwa na miaka 52 au 54, moyo umeanza kuwachoma. Alhamdulillah, moyo unaochoma ni mzima. Mtume (S.A.W.) amelaani wote wanaohusika na pombe, akiwemo anayeibeba na anayebebewa, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba umebakiza kidogo tu, malizia. Nitakuambia uanze leo kutafuta kwa bidii ya kweli kazi nyingine, hata ikiwa na mshahara mdogo, na uipunguzie nyumba yako matumizi kabla hujahama. Katika Suratut Talaq Allah ameahidi kwamba anayemcha atamfungulia njia ya kutokea na atamruzuku kwa namna asiyoitarajia. Ahadi hiyo aliiweka kwa wanaomcha, na kumcha ni pamoja na kutowaacha wanao na njaa kwa uamuzi wa hasira wa siku moja.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Fedha ya mkupuo, ile wengi tunayoiita kiinua mgongo, ni sehemu tu ya haki ya mstaafu. Tangu mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, kikokotoo cha mafao kimebishaniwa sana. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na kwenye bajeti ya 2024/25 ukapandishwa hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani. Sehemu inayobaki huja kama pensheni ya kila mwezi. Anayejenga ndoto zake kwa hesabu za kijiweni atashtuka siku ya malipo.

Na ule mwezi mkupuo unapoingia, nyumba hugeuka kituo cha daladala. Anakuja mpwa mwenye wazo la bodaboda, anakuja rafiki wa zamani mwenye kiwanja kisicho na hati, anakuja mtu wa upatu anayeahidi fedha itazaa mara mbili ndani ya miezi michache. Hiyo ya kuzaa mara mbili ikimbie, ni riba au ni wizi, mara nyingi yote mawili. Anza na madeni, hasa yale ya kausha damu yaliyochukuliwa kwa kuutegemea mkupuo wenyewe. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache na hakuacha mali ya kulilipia, akawaambia maswahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Dinari chache, ndugu zangu! Ukishalipa madeni, ukawa na kinachowatosha wanaokutegemea na kikabaki cha kukufikisha Makka na kukurudisha, Hija imekuwa wajibu juu yako, usiitangulizie ghorofa.

Usifanye hesabu hizi peke yako. Wapo wanaume miongoni mwetu ambao wake zao hawajui mshahara wao kwa miaka thelathini, na wanapostaafu mke anapata habari kwa majirani. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiya, maswahaba walipoelemewa na huzuni wakasita kuchinja na kunyoa, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Mtume wa Allah alichukua rai ya mkewe katika jambo la umma mzima, wewe unaona tabu kumwonyesha wako hati ya mshahara?

Baada ya kushauriana, sali istikhara. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua, na ndani ya dua hiyo unamwomba Allah akuchagulie lenye kheri katika dini yako, maisha yako na mwisho wa jambo lako. Maisha, yaani riziki yako, yametajwa humo. Kinachonisikitisha ni watu kulala wakisubiri ndoto: ameota maji, basi abaki, ameota barabara, basi aondoke. Hadithi haikutaja ndoto. Unasali, unaomba, unaendelea na lile ulilolipima na kushauriana, na Allah anafungua mlango au anaufunga.

Yuko pia anayesema, nikistaafu nitaanza kuhudhuria sala ya jamaa, nikistaafu nitasoma Qur'ani vizuri. Imepokewa katika Bukhari kwamba Allah hamwachii tena udhuru mtu aliyecheleweshewa ajali yake mpaka akafika miaka sitini. Sitini, umri ule ule ofisi inapokuaga. Wewe unapanga kuanzia hapo, na udhuru wako umeishia hapo. Katika Suratu Sharh Mtume ameamrishwa kwamba akimaliza shughuli moja aingie katika juhudi nyingine na aelekee kwa Mola wake. Wafasiri wameieleza aya hiyo kwa njia zaidi ya moja, na miongoni mwao wapo waliosema ni kumaliza mambo ya dunia na kusimama kwa ibada. Na juhudi nyingine ya kuingia ipo hapa hapa: madrasa yetu ina hesabu zisizoandikwa vizuri kwa sababu hatuna mhasibu, na wahasibu wastaafu wamekaa barazani wanacheza bao. Mkunga aliyestaafu angewafundisha mabinti zetu mambo ambayo mimi siwezi kuyasema mimbarini.

Kwa hiyo nawaomba, kila aliyevuka hamsini: wiki hii nenda katika ofisi ya mfuko wako na kitambulisho chako, uombe taarifa ya michango. Angalia kama mwajiri hakuruka mwezi, na kama utafikisha michango ya miezi 180 inayotakiwa ili upate pensheni. Ukikuta pengo, lidai sasa ungali kazini na watu wa idara ya utumishi bado wanakujua kwa jina. Karatasi hiyo iweke mezani, umwite mkeo, au mama umwite mumeo na mtoto wenu mkubwa, muisome pamoja kabla ya Ijumaa ijayo.